Kalamu Isiyo na Wino

Ugonjwa wenyewe umepewa "ki" ya udogo,
kama kijiko, kama kitoto:
kisukari.
Aliyeupa jina hakuwahi kuamka saa tisa usiku
ulimi umemkauka kama gunzi,
akanywa maji ya bomba gizani
mpaka akajionea haya.

Nilianza na vidonge. Vyeupe, vikubwa kama maharage,
kimoja asubuhi, kimoja jioni, pamoja na chakula.
Wiki mbili tumbo liliniendesha
nikajua vyoo vyote vya Thunder Bay:
cha maktaba, cha stesheni ya basi,
cha yule Mgiriki wa chipsi
aliyechoka kuniuliza nitanunua nini.
Mwaka wa tatu vidonge vikashindwa, nikapewa kalamu.

Kalamu, ndivyo wanavyoiita.
Haina wino. Unazungusha kitako, inahesabu kwa mlio,
ti, ti, ti, uniti kumi na nane,
kisha unaandika tumboni
nukta.
Kesho nukta nyingine, vidole viwili pembeni.

Mama yangu, Somoe binti Mfaume, yuko Lindi,
naye anatumia kichupa na bomba la sindano.
Hana friji. Ana mtungi ndani ya mtungi,
mchanga katikati, anaumwagia maji asubuhi na alasiri,
kitambaa juu, na humo ndani kichupa kimelala
kama mwari: hakitoki ila kwa shughuli.
Siku za joto kali hununua barafu kwa jirani,
mfuko mmoja shilingi mia mbili,
akakimbia nayo ikimtiririka kiwikoni.

Nilipomwambia huku barafu imelala bure,
juu ya mapaa, juu ya makaburi,
na ziwani watu wanaegesha magari wakavue samaki tunduni,
alinyamaza kidogo.
"Basi mwanangu," akasema, "dawa yako imefika peponi."

Hakujua. Nami sikujua.
Januari, basi la saa kumi na moja alfajiri liliharibika
barabara ya Arthur, digrii thelathini chini ya sifuri.
Dakika arobaini tulipigapiga miguu chini
na kalamu imo mfuko wa nje wa begi.
Kazini nikajichoma kama kawaida.
Saa nne kipimo kilisoma kumi na tisa.
Saa sita, ishirini na nne.
Niliiinua dawa kwenye mwanga wa dirisha: angavu,
haina kosa lolote usoni.
Maiti aliyeoshwa vizuri.

Bwana Lehtonen wa duka la dawa si mtu wa maneno.
"Iliganda?"
"Sijui."
"Ikiganda hata mara moja, imekufa. Itupe."
Akanitolea nyingine, akaandika bei kwenye karatasi,
akaigeuza uso chini kabla ya kunisogezea,
maana foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

Usiku nilimpigia Mama. Kwake kulikuwa kumekucha,
umeme umekatika tangu juzi,
mtungi wake unatoka jasho bila wasiwasi.
Nikamweleza. Alicheka hadi akakohoa,
halafu hakucheka tena.
"Kumbe ni kama yai," akasema.
"Jua linaliharibu, baridi inaliua.
Sasa nawe fanya anavyofanya kuku."

Tangu siku hiyo naivaa chini ya fulana,
kwapa la kushoto, ndani ya soksi ya kitoto
niliyoinunua nikijifanya nina mtoto.
Ndani ya basi wananiona mtu aliyejikunja,
mkono mmoja hausalimii.
Nimeatamia.

Mchana, chumba cha kulia, Darryl na mkate wake wa siagi ya karanga,
nainua shati, nazungusha kitako.
Kiingereza nimekijua mpaka cha kugombana na mwenye nyumba,
lakini uniti nazihesabu kwa Kiswahili,
moja, mbili, tatu,
polepole,
nisije nikakosea.